Mishikio ya usukani kwa baiskeli ya mashindano: mpira, silikoni au tepu kwa mikono ya Tanga

Kijana wa Tanga akianza kujiandaa kwa mashindano ya baiskeli, pesa ya kwanza huenda kwenye tairi, inayofuata kwenye cheni na gia, kisha viatu. Mishikio ya usukani hubaki ile ile iliyokuja na baiskeli, hata kama imeshaanza kunata na kuacha weusi kiganjani. Sikubaliani kabisa na mpangilio huo. Mwili unagusa baiskeli mahali patatu tu: kwenye kiti, pedali na usukani. Kati ya hapo, ni usukani peke yake unaokata kona, unaofunga breki na unaovutwa mlimani, mara nyingine yote ndani ya dakika moja. Mkono ukiteleza kidogo, mpandaji hukaza vidole bila kujijua, na mkono uliokazwa kwa saa mbili hufika mwisho wa safari umechoka kuliko miguu.

Hapa naziweka aina za mishikio bega kwa bega, nikizipima zaidi kwa mambo mawili yanayotusumbua pwani: jasho na joto. Sifa nyingi zinazoandikwa kwenye pakiti za bidhaa hizi zinawalenga watu wa nchi za baridi, ambao hofu yao ni mvua na matope. Kwetu kiganja huloa hata siku isiyo na wingu, kwa sababu hewa ya Tanga ina unyevu mwingi na jasho halikauki upesi. Ukipanda kutoka Raskazoni saa tisa alasiri, kabla hujafika Nguvumali maji yameshateremka kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole. Mshikio unaofaa hapa ni ule unaoshika ukiwa umelowa.

Kashata zinafanya kazi gani

Mkono mkavu kwenye mpira mkavu usio na mchoro wowote hushika vizuri sana. Ngozi inalala juu ya mpira eneo lote, hakuna kinachoingia katikati. Ndiyo maana dukani, ukiwa umesimama kivulini na kiganja kikavu, mshikio ulio laini unaweza kukuvutia kuliko mingine yote. Shida inaanza jasho linapopenya: linatandaza utando mwembamba wa maji, na ngozi inaanza kuelea juu yake. Kashata za mshikio, vile vinundu na matuta ya mpira yaliyochongwa juu yake, zipo kwa sababu ile ile iliyoleta kashata za tairi, yaani kuyapa maji njia ya kutokea ili ncha za mpira zibaki zimegusana na kile zinachokishika.

Ukishalijua hilo, kuangalia mchoro wa mshikio kunakuwa kitu kingine. Acha kuangalia urembo, angalia mifereji. Ina kina cha kutosha? Inatoka hadi pembeni, au imefungiwa katikati jasho likawa linatuama humo? Kingo za vinundu ni kali kidogo, au zimeviringwa hata maji yakija hazikati kitu?

Michoro ya kawaida ni mitatu. Kuna miraba midogo iliyojipanga, ambayo inashika sana ukivaa glavu kwa sababu kingo zake hukamata kitambaa, ila ikiwa mirefu huuma kiganja kitupu. Kuna matuta membamba yanayoukata mshikio kwa upana, yaliyo laini na yanayokunjika kidogo ukiyabana. Hayo hupunguza mtikisiko na kumwaga jasho vizuri, lakini huisha mapema kuliko mengine. Kisha kuna vinundu vidogo vya mfano wa almasi, vigumu, vinavyoshika kwelikweli lakini vinachubua ngozi ya mtu asiyezoea. Mishikio mizuri ya mashindano huchanganya: matuta laini upande unaolaliwa na kiganja, miraba upande wa chini vinapozunguka vidole. Mchanganyiko huo ndio ninaoupenda, na sababu ni rahisi. Kiganja kinasukuma, vidole vinavuta, na kazi hizo mbili hazihitaji mchoro mmoja.

Ugumu wa mpira nao una neno. Hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A, na namba ikiwa ndogo mpira ni laini zaidi. Mpira laini sana hushika vizuri ukiwa mpya, kisha kashata zake zinalala na kufutika. Ule mgumu sana hudumu, ila mtikisiko wote unakujia mkononi. Kama namba haijaandikwa, bonyeza kinundu kwa ukucha: kikubali kubonyea, kisha kirudi chenyewe mara moja.

Kipimo cha kweli ni maji. Niliwahi kumwona fundi mmoja wa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, akimwongoza kijana aliyekuja kununua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ingiza baiskeli kivulini."

"Nimependa hizi nene. Laini, zinajaa mkononi."

"Chovya mkono kwanza, ndiyo uniambie."

Kijana akachovya kiganja kwenye karai la kutafutia pancha, akashika ule mshikio mnene aliokuwa ameupenda, akajaribu kuukunja kuelekea kwake. Kiganja kikazunguka, mshikio ukabaki pale pale. Fundi akampa mwingine mwembamba wenye matuta, wala haukuwa na sura ya kuvutia. Mkono ukagoma kuteleza hata alipokaza kiwiko. "Ule mnene ni wa kupigia picha," fundi akasema, akarudi kwenye rimu yake. Jaribio hilo halina gharama, na muuzaji yeyote ukimwomba kwa adabu hatakunyima maji kidogo.

Kwanza kipimo, maana mwingine hauingii kabisa

Usukani ulionyooka, wa mauntini na wa baiskeli nyingi za kawaida, una kipenyo cha milimita 22.2 pale mshikio unapokaa. Usukani uliopinda wa baiskeli ya resi ni milimita 23.8. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inatosha kufanya mshikio wa mauntini usiingie kwenye usukani wa resi, na ukilazimisha utapasuka. Resi ni tepu. Usipoteze muda kutafuta njia nyingine.

Urefu wa kawaida ni milimita 130 hivi. Baiskeli yenye gia za kuzungusha kwa kiganja inahitaji mshikio mfupi upande wa gia, na hapo ndipo wengi hununua pea ndefu halafu wakakata kwa wembe ovyo. Pima kwa rula kabla hujatoka nyumbani.

Unene ndio unaokosewa zaidi. Mishikio mingi ina kipenyo cha nje kati ya milimita 30 na 34. Shika usukani, funga vidole: ncha ya kidole cha kati ikaribie nyama ya kitako cha gumba, ibaki nafasi ndogo tu. Vidole vikiishia mbali, mshikio ni mnene kwako na misuli ya mkono wa mbele itachoka mapema kwa kubana. Vikijikunja hadi kuchimba kiganja, ni mwembamba mno. Wasichana na vijana wadogo wanaoingia mashindano huonewa sana hapa, kwa sababu madukani husifiwa unene kana kwamba ndio ubora. Mwenye mkono mdogo achukue milimita 30 au 31 bila kujadiliana na mtu.

Mshikio wa kuvisha na mshikio wa kufunga kwa skrubu

Kwa usukani ulionyooka, uamuzi mkubwa uko hapa, mkubwa hata kuliko mchoro. Kashata nzuri kiasi gani haziwezi kusaidia kama mshikio wenyewe unazunguka juu ya chuma.

Mshikio wa kuvisha ni bomba la mpira mtupu. Unasukumwa mpaka ndani, unashikiliwa na mbano wake tu. Faida zake ni za kweli. Ni mwepesi, ni rahisi kupatikana katika duka lolote la vipuri vya baiskeli, na kwa sababu hauna kitu kigumu ndani, unene wote ni mpira unaomeza mtikisiko. Mpandaji wa masafa marefu kwenye barabara ya vumbi ataisikia tofauti hiyo begani.

Udhaifu wake ni maji. Mvua ya masika ikipenya chini yake, au jasho la miezi mingi, mbano unalegea na mshikio unaanza kuzunguka. Mara nyingi huanza kidogo kidogo: unapanda mlima umesimama juu ya pedali, unavuta usukani, unahisi mkono wa kulia umeteremka nywele moja. Wiki inayofuata ni robo mzunguko. Mshikio uliofika hapo ni hatari kwelikweli, kwa sababu utakuponyoka siku ile unayovuta kwa nguvu zaidi, na siku hiyo ni ya mashindano.

Mshikio wa kufunga una bomba gumu la plastiki ndani, mpira juu yake, na ringi ya alumini yenye skrubu inayobana usukani. Hauzunguki. Unavuliwa na kurudishwa kwa dakika mbili kwa alenki, ile spana ya umbo la herufi L, kwa hiyo hata kubadilisha waya wa breki au kusogeza gia hakuharibu kitu. Gharama yake ni kubwa zaidi, uzito unapanda, pea moja hufika gramu 100 hata kupita, na kwa kuwa plastiki inakula nafasi, mpira unaobaki ni mwembamba. Mkono unausikia ugumu huo.

Kuna wenye ringi mbili, ya ndani na ya nje, na wenye ringi moja ya ndani. Chukua wenye ringi moja. Ile ya nje inakaa pale kitako cha kiganja kinapoegemea, na mtu anayeshika mwisho kabisa wa usukani ataondoka na alama nyekundu. Mbano wa ringi moja iliyotengenezwa vizuri unatosha, hasa kama bomba lake la ndani limepunguzwa upana kidogo kuelekea nje ili lijikaze lenyewe.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Hewa ya bahari na jasho vina chumvi, na skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu haraka hata ukiishi Sahare ukaifungia baiskeli chumbani. Skrubu ikishagandia, kichwa chake kinakwanguka na mshikio unabaki wa kukatwa kwa msumeno. Paka grisi kidogo sana kwenye uzi wa skrubu kabla ya kufunga. Kwenye uzi tu. Grisi ikigusa usukani umeshaiharibu kazi yote.

Na usikaze kwa hasira. Ringi nyingi zinahitaji nguvu ya kukaza ya nyutoni-mita 2 hadi 3 tu, na mara nyingi kikomo kimechorwa kwenye ringi yenyewe. Kwa mkono maana yake ni kukaza kwa vidole viwili mpaka igome, kisha kuongeza kidogo. Mwenye usukani wa kaboni atumie spana ya kipimo, asibahatishe, kwa sababu kaboni iliyobonyezwa hupasuka ndani bila kuonyesha nje.

Kati ya hizi mbili, mtu anayekimbiza baiskeli njia za vumbi na milima namshauri mshikio wa kufunga, mwembamba, wenye matuta upande wa kiganja. Anayefanya mazoezi tu na kwenda kazini anaweza kubaki na wa kuvisha, ili mradi uvishwe sawasawa.

Silikoni na sponji

Silikoni ya povu imeingia mashindanoni kwa sababu ya uzito. Pea nyembamba ina gramu 50 hivi, pea nene 60. Haina kashata zozote, na hapo ndipo wengi tunashtuka, maana nimetoka kusema kashata ni njia ya maji. Silikoni inafanya kazi kwa namna nyingine: ni laini kiasi kwamba inajibonyeza kufuata mistari ya ngozi, na ina vinyweleo vidogo vya povu juu yake, hivyo inashika hata ikilowa kiasi. Inavumilia jua na joto kuliko mpira wa kawaida, haigeuki kuwa nata, na inameza ule mtetemo wa haraka wa changarawe kuliko kitu chochote nilichokitaja hapa.

Lakini angalia mambo mawili. Ikishalowa chapachapa, jasho likachanganyika na vumbi jekundu la mashamba ya mkonge, uso wake unaziba na unaanza kuteleza; inabidi uisugue kwa maji na sabuni mara kwa mara. Pia haina ngozi ya juu ya kuilinda. Anguko moja kwenye lami, au kuilaza baiskeli vibaya kwenye ukuta wa matumbawe, kipande kinang'oka na hakishonwi. Kwa mpandaji anayeanguka mara kwa mara, yaani kila anayejifunza kona za vumbi, pesa hiyo itaishia chini.

Sponji ya kawaida, ile nyeusi inayofanana na ya vifaa vya mazoezi, sitaizungumzia sana. Inakunywa jasho. Wiki ya kwanza ni raha, mwezi wa pili inanuka, na ukiikamua inatoa maji ya chumvi. Kwa mashindano iache.

Tepu ya baiskeli ya resi

Huku hakuna mjadala wa kufunga au kuvisha. Tepu moja inazungushwa kila upande, na pakiti huja na mizunguko miwili pamoja na vizibo vya kuziba ncha. Unene huanzia chini kidogo ya milimita 2 hadi zaidi ya 3.

Aina iliyochanganywa na koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, ndiyo ya zamani. Ni laini, inanyonya jasho kiasi, inapendeza mkononi, ila inakatika ukiivuta sana wakati wa kuzungusha, na kwenye joto letu inachafuka mapema. Ile ya sintetiki yenye uso wa kunata kidogo na matundu madogo inadumu zaidi, inafutika kwa kitambaa chenye maji, na matundu yake yanafanya kazi ile ile ya mifereji. Kwa Tanga naipa hii ya pili nafasi ya kwanza bila kusita, rangi nyeusi au ya kijivu. Nyeupe inavutia siku ya picha, na baada ya mazoezi machache imeshakuwa rangi ya udongo wa Muheza.

Unene wa tepu utegemee barabara. Lami ya kwenda Horohoro au ya Segera ni nzuri, na tepu ya milimita 2 hadi 2.5 inatosha, nene zaidi inakunyima kuisikia baiskeli. Ukiwa unachanganya lami na barabara za vumbi, panda hadi 3.

Namna ya kuzungusha ina maana kuliko bei. Anzia ncha ya chini ya usukani, panda kwenda juu, kila mzunguko ukifunika theluthi ya uliotangulia. Ukianzia juu, kila ukishika, kiganja kinaibandua pembe ya tepu na baada ya wiki mbili imekunjamana. Kwenye sehemu ya chini mkono husukuma kuelekea nje, kwa hiyo zungusha kuelekea nje pande zote mbili, ili kila ukishika tepu ijikaze badala ya kulegea. Vuta kwa nguvu ya wastani bila kuachia hata sehemu moja. Mwisho, pale karibu na katikati ya usukani, kata kwa mshazari na ufunge kwa tepu ya umeme, mizunguko mitatu, usiivute ile ya mwisho ili isijibandue.

Vya kujitengenezea

Tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu na kuzungushwa kwenye usukani ni ubunifu ninaouheshimu. Mpira wa tyubu unashika chuma vizuri, haulipiwi, na kijana ambaye hana pesa ya mshikio mpya anaweza kuendelea na mazoezi. Udhaifu wake ni uso laini: ukilowa hauna pa kutolea maji. Zungusha uzi mnene chini yake kwanza, kwa nafasi ya kidole kimoja kati ya mzunguko na mzunguko, kisha tyubu juu. Utapata matuta, na matuta yataleta mifereji. Hapo umetengeneza mshikio unaoushinda mpira wa bei ya chini.

Kamba ya mkonge nayo huonekana kwenye baiskeli za mizigo, na mkoa huu haukosi mkonge. Ikiwa kavu inashika kupita kiasi. Lakini nyuzi zake ni ngumu na zinakwangua kiganja, inakunywa maji, na ikikauka inalegea. Kwa kubeba nazi kutoka shamba ni sawa. Kwa saa mbili za kukimbizana, kiganja kitatoka malengelenge.

Tepu ya kitambaa ya raketi za tenisi au badmintoni ni msaada mzuri wa muda juu ya mshikio ulioisha kashata. Inanyonya jasho na ni nyembamba. Ibadilishe mara inapokuwa ngumu.

Ganzi ya vidole

Wengi wananunua mshikio mpya kwa sababu ya ganzi, kwa hiyo tutofautishe. Ganzi ikija kwenye kidole cha mwisho na cha pete, neva inayopita upande wa nje wa kiganja, karibu na kifundo, inabanwa na uzito wa mwili. Ikija kwenye gumba, cha shahada na cha kati, ni neva nyingine inayopita katikati ya kifundo, na mara nyingi sababu ni kifundo kukunjwa kuelekea juu.

Kwa ile ya kwanza, mshikio wenye bawa, ulio mpana upande wa nje ili kiganja kilale, unasaidia kweli, kwa sababu uzito unatandazwa. Kwa mpandaji wa masafa wa usukani ulionyooka ni chaguo jema hata kama ni mzito. Kwa njia zenye kona za ghafla na mashimo siupendi, maana bawa linakulazimisha kushika pale pale na mkono hauwezi kuzunguka unaposimama. Kwa ile ya pili usinunue kitu. Legeza breki, zishushe mpaka kifundo kinyooke sambamba na mkono wa mbele, kaza tena. Kagua na kiti pia: kikiinamia mbele, unateleza kila mara na mikono inageuka nguzo ya kukuzuia. Mtu anaweza kutumia pesa nyingi kwenye mishikio wakati dawa ilikuwa kuinua pua ya kiti kwa nusu sentimita.

Ganzi ikibaki hata baada ya siku kadhaa bila kupanda, au vidole vikipoteza nguvu, nenda hospitali.

Njia gani, mshikio gani

Mbio za lami, resi: tepu ya sintetiki yenye matundu.

Njia za mashamba ya mkonge upande wa Pongwe na Muheza, zilizonyooka, zenye vumbi na mtetemo wa changarawe: silikoni ukiwa na nidhamu ya kuiosha, au mshikio wa kufunga wenye matuta. Nikiwa na kijana ninayemfundisha, nampa wa kufunga.

Kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi za kona juu ya korongo, kunahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu hujiandaa kwa kupanda wakasahau kurudi. Wakati wa kupanda unatiririka jasho la bonde. Ukifika juu hewa imepoa, mikono bado imelowa, na unaanza kuteremka ukifunga breki kwa kidole kimoja au viwili kila kona. Maana yake ni kwamba vidole viwili au vitatu tu na gumba ndivyo vinavyoshikilia usukani. Hapo mchoro wa upande wa chini, vinapokaa vidole, unakuwa muhimu kuliko wa juu. Tafuta miraba yenye kingo kali upande huo. Beba kitambaa kikavu mfukoni, ufute mikono na mishikio kabla ya kuteremka. Glavu nyepesi yenye kitambaa cha taulo mgongoni mwa gumba inasaidia kufuta uso njiani.

Muheza kwenda Amani ni hadithi nyingine: msitu, unyevu, utelezi wakati wa mvua. Mshikio wa kuvisha usiufikirie huko.

Kuvisha, kutunza, kutupa

Mshikio wa kuvisha unavishwa kwa spiriti ya duka la dawa. Futa usukani mpaka uwe mkavu na safi, mimina spiriti kidogo ndani ya mshikio, sukuma kwa mkupuo mmoja, acha usiku kucha. Spiriti inakauka na kuacha mpira umeshika chuma. Usitumie mafuta, hata tone. Sabuni nayo iache: inaingiza vizuri, ila mvua ya kwanza ikiilowesha inateleza upya. Kuutoa, penyeza spoku kuukuu iliyoviringwa ncha chini ya mpira, dondosha spiriti, zungusha.

Mafuta ya nazi ni adui wa mpira. Aliyejipaka mikononi asubuhi akashika usukani kila siku anaufanya uvimbe na kuwa nata, na dawa nyingi za kufukuza mbu huharibu mpira na plastiki pia. Nawa mikono kabla ya kupanda, na baada ya mazoezi osha mishikio kwa maji na sabuni, ukaushe kivulini. Jua la saa saba linaloipiga baiskeli iliyoegeshwa nje linazeesha mpira kuliko mkono wako unavyouzeesha.

Mishikio ya baiskeli za mtumba ikishaanza kunata haiponi. Unaweza kuisugua ikakaa siku mbili tatu, kisha inarudi. Itoe.

Ziba ncha za usukani, kila mara. Bomba lililo wazi hukata mwili mpandaji anapoanguka juu yake, na mkaguzi makini wa mashindano hatakuruhusu kusimama kwenye mstari. Kizibo kikipotea, chonga cha mti kwa muda, ukigonge mpaka kikaze.

Badilisha mishikio pale kashata za sehemu ya gumba zinapokuwa zimelala, hata kama upande mwingine bado mzima. Gumba ndilo linalochoka kwanza na ndilo linalokushikilia ukigonga shimo. Na ibadilishe angalau wiki mbili kabla ya mashindano, ili mikono iizoee na skrubu zipate kukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza ndefu, maana ringi mpya hulegea kidogo plastiki inapokaa sawa.